Kiazi, majivu na mwaridi: uongo tunaouamini bustanini

Viazi ulaya vitatu vimeozea nyuma ya nyumba yangu, kila kimoja kikiwa na kijiti cha waridi kimechomekwa juu kama mshumaa. Video niliyoitazama ilisema kiazi hukipa kijiti maji na chakula, na baada ya wiki tatu mizizi itamwagika. Kilichomwagika ni maji ya kiazi, na harufu yake majirani wanaijua.

Kijiti kisicho na mizizi hakina mdomo wa kula wanga wa kiazi. Kinataka unyevu wa kiasi na hewa chini, unyevu wa kutosha juu ili kisinyauke, na muda. Kiazi kikioza, kuvu wake huhamia kwenye kijiti. Asali na mdalasini, ambavyo wengine hupaka kwenye kijiti, navyo havioteshi mizizi.

Mimi sasa nakata tawi lililokwisha kuchanua, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Naacha majani mawili ya juu, nachomeka nusu ya kijiti kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, nakifunika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, nakiweka kivulini. Baada ya wiki 4 hadi 8 nakivuta taratibu. Kikigoma kutoka, kimeshika. Katika vijiti kumi, nikipata sita nashukuru. (Miba ya chini inyofoe kwa kidole gumba. Ya mwaridi imetoka kwenye ganda tu, ndiyo maana inakubali. Ya mlimau ni sehemu ya mti wenyewe na haing'oki hivyo.)

Wengine huchukua shada la duka la maua na kuotesha mabua yake. Yanaweza kushika kweli. Shida inakuja baadaye. Mawaridi hayo yamezalishwa yaishi chini ya paa la plastiki, kama kule Naivasha kwenye mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, yakinyweshwa kwa matone na kukaguliwa ugonjwa kila mara. Tena shambani mara nyingi yamebebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine wenye mizizi shupavu. Natal Briar ndilo jina utakalolisikia sana kwa wakulima wa Kenya. Ukichukua bua umechukua kichwa, miguu umeiacha shambani.

"Waridi ni ua la baridi, Pwani halikai"

Hili nimeambiwa Tanga mara nyingi kuliko salamu. "Hilo lipeleke Lushoto, bwana!"

Lina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayolipa nguvu. Yapo mawaridi yanayohitaji kipupwe ndipo yachanue. Waarabu wa Omani wanayo kwenye vijiji vya Jebel Akhdar, karibu mita 2,000 juu: yanachanua mara moja kwa mwaka, yanachumwa Aprili au karibu na hapo, yanakenekwa kupata maji ya mawaridi, yale yanayojaza mirashi kwenye harusi na maulidi. Mtu akileta Unguja kijiti cha huko, mwaridi utaota majani, utakaa, na maua huenda asiyaone. Hapo ndipo tunaposema, unaona, Pwani haitaki.

Lakini mwishoni mwa karne ya 18 Wazungu walipata kutoka China miwaridi isiyojua msimu, inayochanua, inapumzika kidogo na kuchanua tena. Wakaichanganya na ya kwao. Mwaka 1867 Mfaransa mmoja akatoa mwaridi ulioitwa La France, ambao wengi huuhesabu kuwa wa kwanza wa ukoo wa kisasa. Karibu kila mche unaouzwa leo kando ya barabara una damu hiyo ya China. Hauhitaji baridi ndipo uchanue.

Kinachotusumbua Pwani ni kingine. Joto hufanya maua kuwa madogo na kufunguka haraka, na unyevunyevu huleta madoa meusi kwenye majani. Kwa hiyo chagua mche unaotoa maua madogo kwa vishada badala ya ua moja kubwa kama bakuli. Angalia majani yawe manene na yenye kung'aa. Muulize muuzaji mama wa mche huo anaishi wapi. Akikuonyesha mwaridi uliosimama nje kwenye jua na mvua, nunua. Akisema umetoka "bara" na hajui zaidi, bakiza hela yako. Kisha upe jua lisilopungua saa sita, likiwa la asubuhi ni bora, na kivuli kidogo alasiri.

"Majani yakigeuka njano, tia majivu"

Kosa hili nimelifanya kwa mikono yangu, tena mara mbili. Majani machanga yaligeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Bibi mmoja akaniambia majivu ni dawa ya kila kitu. Nikatia. Yakazidi. Nikaongeza.

Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu, kikipanda uchachu unapungua) ya 6 hadi 6.5. Udongo wetu wa juu ya matumbawe una chokaa, na pH yake hupita 7 kwa urahisi. Kwenye udongo wa namna hiyo madini ya chuma yapo, ila yamefungwa. Mzizi unayagusa na hauwezi kuyanywa. Majivu nayo yanaongeza kilekile kinachoyafunga. Lushoto, kwenye udongo mchachu, konzi ya majivu inaweza kusaidia, na bibi yule alikuwa amekulia huko. Hakunidanganya, alinipa dawa ya udongo wa kwao.

Nilichofanya ni kuchimba shimo la nusu mita, kutoa vifusi vya matumbawe, na kujaza udongo mwekundu na mboji nyingi. Ukiwa na haraka, maduka ya pembejeo huuza chuma cha kunyunyizia majani. Samadi iwe imeoza kabisa, hasa ya kuku. Mbichi huunguza mizizi.

"Ukimwagilia mchana majani yanaungua"

Tone la maji halichomi jani la waridi. Hasara ya mchana ni kwamba maji mengi hupotea hewani. Tatizo ni pale woga huo unapotusukuma kumwagilia jioni, tena juu ya majani. Mbegu za kuvu wa madoa meusi zinahitaji jani libaki limelowa kwa takribani saa saba ndipo ziingie, na wewe umezipa usiku mzima. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, maji mengi mara chache.

Ubwiri unga, ugonjwa mwingine wa kuvu, ule mweupe kama unga wa muhogo, hausubiri jani lilowe. Huo ni wa nyanda za juu zaidi, penye mchana wa joto na usiku wa baridi.

"Pogoa mwezi wa pili"

Kalenda hii ni ya nchi zenye theluji. Wao husubiri baridi iishe. Sisi hatuna cha kusubiri. Ukikata leo juu kidogo ya jicho linalotazama nje, maua mapya yatakuja baada ya wiki 6 hadi 8, nyanda za juu huchelewa kidogo. Ukitaka mawaridi siku ya harusi ya mwanao, hesabu kurudi nyuma. Kuhusu kukata mshazari wa nyuzi 45, mkasi mkali ni muhimu kuliko pembe.

Sisimizi wakipanda mwaridi usiwalaumu. Wanafuata utamu wa vidukari. Waoshe vidukari kwa maji yenye nguvu.

Na mbegu za waridi la bluu? Mwaridi hautengenezi delfinidini, rangi inayoyapa maua mengi ubluu wake. Kampuni ya Suntory ilipandikiza jeni la ua lingine, ikaanza kuuza waridi lake Japani mwaka 2009, na hata hilo macho yangu yanaliita zambarau. Ya bluu ya dukani yametiwa rangi. Nilinunua pakiti mtandaoni hata hivyo, nikapanda, nikamwagilia asubuhi, kwenye shina. Ulikuwa mchicha. Tuliula na ugali.