Nyaraka huria si nyaraka za bure

Juzi nilimsikia tena mkufunzi akiwaambia vijana wanaoanza kuandika programu: "Msihofu, nyaraka za fremuweki hii ni huria, yaani za bure." (Fremuweki ni msimbo ulioandaliwa tayari, ambao mwandishi wa programu hujenga juu yake.) Vijana wakaandika hivyo hivyo kwenye madaftari. Nilinyamaza kwa kuwa darasa halikuwa langu, lakini "yaani" ile imenikaa rohoni.

Nyaraka huria ni maelezo ya kujifunzia programu, kuanzia somo la kwanza hadi ufafanuzi wa kila amri, ambayo leseni yake inamruhusu yeyote kuyanakili, kuyarekebisha, kuyatafsiri na kuyagawa. Basi. Bei haimo.

Huria ni ndugu wa huru na uhuru, maneno tuliyoyapata kwenye Kiarabu, katika mzizi unaomtofautisha muungwana na mtumwa. Tunasema soko huria, na hakuna anayebeba bidhaa humo bila kulipa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinatoza ada. Kinaitwa huria kwa namna kinavyomfungulia mlango hata anayesoma akiwa kazini au nyumbani. Bure ni neno la ukoo mwingine kabisa. Linataja kisicho na bei, na pia kisicho na tija: amehangaika bure, amesema bure. Wenye shida ni wasemaji wa Kiingereza, ambao neno lao moja, free, limebeba maana zote mbili, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya mwaka 1998 baadhi yao, huko Marekani, wabuni jina open source, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi. Sisi lugha ilikwisha kututenganishia mapema. Kuyachanganya leo ni kuazima tatizo la jirani.

Na tofauti hii huonekana siku mambo yanapoharibika. Agosti 2009, mwandishi wa programu aliyejulikana kwa jina la why the lucky stiff, aliyetunga fremuweki ndogo ya wavuti iitwayo Camping, alitoweka ghafla mtandaoni na tovuti zake zikafutwa. Kitabu chake cha kufundishia lugha ya Ruby, ambacho wengi walianzia humo, kikaondoka nazo. Kilikuwa kikisomwa bure miaka yote, na ubure huo haukukisaidia kitu. Kilichokiokoa ni leseni ya Creative Commons, inayoruhusu kazi kunakiliwa na kugawiwa: waliokuwa na nakala walizirudisha hewani bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu ruhusa walikwisha kupewa. Camping nayo ikapata watunzaji wengine.

Tazama pia Django, fremuweki ya wavuti ya lugha ya Python. Folda yake ya docs inakaa ndani ya mradi, bega kwa bega na msimbo, kwa leseni huria iitwayo BSD. Ukipakua msimbo kamili wa toleo fulani, nyaraka za toleo hilo hilo unazo. Kwa kijana anayejifunza kwa bando la siku moja, hili ni jambo kubwa: anapakua mara moja, anasoma wiki nzima bila intaneti, anamnakilia mwenzake kwenye flashi, na hajaiba. Nyaraka ambazo ni za bure tu hazimpi haki hiyo. Mwenye nazo akizifunga kesho, zimefungwa.

Kwa hiyo, mkufunzi mwenzangu, kama faili la leseni bado hujalifungua, waambie vijana kwamba nyaraka hizo zinasomwa bure. Hapo hutakuwa umekosea. Neno huria liache hadi uwe umeisoma leseni.