Je, wajua kwa nini nakshi za ukili ni za aina saba tu?

Mama anayesuka ukili barazani kwake Mikindani akikwambia nakshi zake hazihesabiki, mkubalie. Rangi na maumbo hayana mwisho. Ila namna nakshi inavyojirudia kwenye utepe ni saba tu, na hakuna fundi, awe wa Mtwara au wa Lindi, atakayebuni ya nane.

Tuseme ukili hauna ncha. Vipo vitendo unavyoweza kuufanyia nakshi ikaangukia palepale, kana kwamba hukuugusa. Cha kwanza ni kuusogeza hatua moja. Vitendo hivyo vyote wanahisabati huviita kundi: ukifuatanisha viwili unapata kingine kilichomo humohumo, na kila kimoja kina cha kukitengua.

Saba inatoka wapi? Utepe ni mwembamba, hauruhusu mengi. Ukiuzungusha nyuzi 90 unakuwa umetoka njiani. Mzunguko unaofaa ni nusu duara tu. Kioo nacho, yaani mstari ambao nusu moja ya nakshi ni taswira ya nusu ya pili, ama kilale katikati kufuata urefu, ama kikatize upana. Kinachobaki ni mteleko: sogeza nusu hatua, kisha geuza juu chini kama kiooni. Tena vitendo hivi huvutana. Weka vioo vyote viwili, na nusu duara inaingia yenyewe bila kualikwa. Kwa hiyo michanganyiko mingi unayoiwazia hugeuka kuwa ileile.

Mimi huo mteleko ndio unaonivutia. Maji yakikupwa tembea ufukweni, kisha geuka utazame nyayo zako: kulia, kushoto, kulia. Ndio huohuo! Sasa kunja utepe wa mchanga, kwa mawazo tu, mpaka unyayo wa kulia uulalie wa kushoto unaofuata. Kwa kusogeza pekee ungepata pete ya kawaida, kama kikapu kisicho na kitako. Kwa mteleko, ncha hazikutani mpaka uupindue utepe mara moja, na pete inayotoka ina upande mmoja tu: sisimizi akiizunguka mara moja hujikuta chini ya pale alipoanzia, na hakuvuka ukingo wowote. Wajerumani wawili, August Ferdinand Möbius na Johann Benedict Listing, waliifikia kila mmoja kivyake mwaka 1858.

Nakshi inayojirudia kwa urefu na kwa upana, kama ya mkeka mzima, ina aina 17. Yevgraf Fyodorov wa Urusi alilithibitisha hilo mwaka 1891. Na ng'ambo ya Ruvuma, mbali kusini mwa Msumbiji, mwanahisabati Paulus Gerdes alichunguza mikoba ya kusukwa ya Inhambane iitwayo sipatsi. Alizikuta zote saba.