Je, wajua kwa nini chura hana meno ya chini?

Ukimfunua chura mdomo, utakuta wengi wana vijino vidogo kwenye taya la juu. La chini ni tupu. Hata hivyo vya juu havitafuni. Kazi yake ni kuzuia windo lisichomoke, kisha linamezwa zimazima. Chura mkubwa Pyxicephalus anayeng'ata kweli hutumia ncha mbili za mfupa wa taya lenyewe, wala si meno.

Sababu inayotajwa zaidi ni ulimi. Wetu umeshikwa nyuma. Wa chura umeshikwa mbele, karibu na ncha ya taya, na nyuma uko huru. Anapowinda, taya hushushwa kwa ghafla, misuli ya ulimi hukakamaa, nao hupinduka ukivuka ukingo wa taya hadi kumpiga mdudu. Yote hayo huchukua chini ya sekunde 0.07. Mate mazito huwa mepesi ulimi unapogonga, yakapenya kila mwanya wa mwili wa mdudu. Ulimi ukirudi yanakuwa mazito tena, mdudu amenasa. Kumbandua ni kazi nyingine: macho huzama ndani ya mdomo na kusaidia kusukuma chakula kooni. Watafiti walipozuia macho yasizame, nyenje mmoja alihitaji wastani wa mimezo 4 badala ya 2.3.

Kwa ulimi kama huo, meno hupungukiwa na kazi. Nasaba za vyura zimepoteza meno yote zaidi ya mara 20, hasa zinazokula wadudu wadogo kama sisimizi na mchwa.

Ndani ya maji ulimi unaonata hausaidii. Xenopus, chura anayeishi majini na anayepatikana pia kwenye madimbwi ya pwani yetu, hana ulimi kabisa: hufyonza maji pamoja na windo, akajisukumizia kwa mikono. Meno ya juu anayo.

Wa ajabu zaidi ni Gastrotheca guentheri wa Kolombia na Ekwado. Yeye pekee ana meno ya kweli kwenye taya la chini, zaidi ya miaka milioni 200 baada ya vyura kuyapoteza. Hilo linaonekana kumpinga Mbelgiji Louis Dollo, mtaalamu wa visukuku, aliyeshikilia kuwa kiungo kikishapotea hakirudi kama kilivyokuwa. Huenda siri ni taya la juu: jeni za kutengeneza meno hazikuacha kufanya kazi huko, kwa hiyo ilitosha ziamke tena chini.