Kalsiamu na vitamini kwa kobe: dhana zinazomponza na ukweli wake

Ugonjwa wa mifupa laini humla kobe polepole. Kwanza gamba hubonyea kidogo kando, kisha miguu ya nyuma huanza kuburuta, mdomo hupinda na kushindwa kukata jani. Mwenyewe akija kushtuka, mwili umeshakomba akiba ya kalsiamu kutoka kwenye mifupa kwa miezi mingi. Linalouma zaidi ni kwamba wengi wa kobe hawa walikuwa wakipewa kitu cha kuimarisha mifupa, ila hakikuwa chenyewe.

Tunamzungumzia hapa kobe wa kwetu mwenye madoa, ambaye kitaalamu huitwa Stigmochelys pardalis, pamoja na kobe wakubwa wa Aldabra, jamii ya wale walioletwa kisiwani Changuu, Zanzibar, kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wote hula majani. Na kisheria kobe ni mnyamapori: Tanzania na Kenya huruhusiwi kumfuga bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori.

Dhana: chokaa yoyote ni kalsiamu, kwa hiyo inamfaa

Kiswahili chenyewe kinachangia kosa hili, maana kalsiamu tumezoea kuiita "madini ya chokaa". Mtu akisikia hivyo huchota ile ya kupaka ukutani au ile ya kutafunia tambuu. Zote mbili ni kalsiamu haidroksaidi, na inachoma. Ikimgusa kobe mdomoni au machoni humtia vidonda, na kobe mwenye vidonda mdomoni huacha kula kabisa.

Anachohitaji ni kalsiamu kaboneti, isiyo na ukali, ambayo asilimia 40 ya uzito wake ni kalsiamu. Kwenye duka la pembejeo huuzwa kama chokaa ya mifugo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa. Soma lebo kabla ya kulipa: iwe ya chakula cha mifugo, si ya shambani wala ya ujenzi.

Dukani humo humo kuna mtego wa pili. DCP (dikalsiamu fosfeti, unga wa madini wa kulishia mifugo) na mifupa iliyosagwa huwa rafu moja na chokaa ya mifugo, na muuzaji atakwambia kwa nia njema kwamba zote ni za mifupa. Lakini DCP ina kalsiamu takriban asilimia 22 hadi 24 na fosforasi kama asilimia 18. Kobe anatakiwa apate kalsiamu angalau mara mbili ya fosforasi katika mlo wake wote. Fosforasi ikizidi, tezi ndogo za shingoni ziitwazo paratiroidi huamuru kalsiamu itolewe mifupani ili kusawazisha damu. Ukimwagia DCP chakula ambacho tayari kimezidi fosforasi, unaongeza pande zote mbili na pengo halizibiki.

Anayetaka kutengeneza nyumbani atumie maganda ya mayai. Yachemshe dakika 10 kuua vijidudu, yaanike yakauke kabisa, yatwange kisha uyapepete kwa chekeche laini mpaka unga uwe kama sembe. Vipande vikubwa hupita tumboni na kutoka vilevile. Ganda moja lina uzito wa gramu 5 hadi 6 na hutoa kama gramu 2 za kalsiamu, kiasi cha kutosha siku nyingi kwa kobe mdogo.

Wakazi wa pwani wana njia nyingine, mfupa mweupe wa dome (mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi) unaookotwa ufukweni. Uloweke maji baridi siku 2 au 3 ukibadilisha maji kila siku ili chumvi itoke, ukaushe juani, ukwangue ule upande mgumu wa nyuma, halafu uuweke chini atafune apendavyo. Kobe wa porini naye hutafuna mifupa mikavu na hata kinyesi cheupe cha fisi, akitafuta madini hayo hayo. Hata hivyo wapo kobe wasiougusa mfupa wa dome maisha yao yote, kwa hiyo usiutegemee peke yake.

Dhana: mchicha kila siku unatosha

Mchicha kweli una kalsiamu nyingi, karibu miligramu 215 kwa kila gramu 100. Tatizo ni oksaleti, ambayo huishika kalsiamu tumboni na kutoka nayo. Spinachi ni vivyo hivyo. Mpe mara moja moja, ukichanganya na majani mengine.

Msingi wa mlo ni nyasi, hasa ukoka, na magugu kama mchunga na kongwa. Mpungate uliochomwa au kukwanguliwa miiba ni chakula bora kuliko wengi wanavyodhani: kalsiamu miligramu 164 kwa fosforasi 16. Sukuma wiki ina 232 kwa 25, lakini ikiliwa kila siku huweza kuisumbua tezi nyingine ya shingoni, thairoidi, basi izungushwe na majani mengine. Matembele yana kalsiamu na fosforasi karibu sawa kwa sawa, hivyo yanahitaji unga juu yake. Kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi, usimpe.

Wabaya ni wale tunaowaona wapole: tango 16 kwa 24, nyanya 10 kwa 24, ndizi mbivu 5 kwa 22. Kobe huvipenda, na mtu hufurahi kumwona anakula. Piga hesabu ya gramu 50 za tango: kalsiamu miligramu 8, fosforasi 12. Ili kufikia mbili kwa moja kunapungua miligramu 16. Robo gramu ya kalsiamu kaboneti, inayoshikika kwa ncha za vidole viwili, huleta miligramu 100. Yaani kiasi kidogo sana cha unga kinatosha, mradi kiwe cha aina sahihi.

Dhana: vitamini D3 ikizidi ndiyo mifupa huwa imara zaidi

Bila D3 kalsiamu haipenyi vizuri utumboni, hilo ni kweli. Lakini kobe anayeota jua la Mombasa au Dodoma hujitengenezea mwenyewe ngozini kwa UVB, miale ya jua isiyoonekana kwa macho, na ngozi ina breki yake: D3 ikitosha, jua lenyewe huivunja ziada. D3 inayotoka kwenye kopo haina breki hiyo. Ikizidi, kalsiamu huganda kwenye figo, moyo na mishipa ya damu, na hilo halirudishwi.

Ndiyo maana tunapinga vikali vitamini za kuku za kuchanganya na maji. Zimepimwa kwa kifaranga anayekua kwa wiki chache na huwa na A na D3 nyingi sana. Mafuta ya ini la samaki ya watoto ni hatari kwa namna hiyo hiyo. Kijiko kimoja cha chai kina takriban uniti 4,500 za vitamini A na 450 za D. Vidonge vya kalsiamu vya kuyeyusha vina asidi na vitu vya utamu, na vingi vimeongezwa D3.

Jua lenyewe lazima limfikie. Kioo cha dirisha huzuia karibu UVB yote, na paa za plastiki ngumu vivyo hivyo, kwa hiyo kobe wa barazani nyuma ya vioo anapata joto tu. Mtoe nje asubuhi, na awe na kivuli cha kukimbilia. Joto nalo lina sehemu yake: Limuru au Mafinga mwezi wa Julai, kobe aliyepoa hasagi chakula, na unga unaomnyunyizia unapita bure.

Wasomaji wenye kobe ndani ya nyumba Ulaya hali yao ni tofauti. Huko taa ya UVB ni lazima, bila kioo kati yake na kobe, na hubadilishwa kila miezi 6 hadi 12 kwa sababu UVB hufifia wakati mwanga bado unaonekana. Unga wenye D3 kidogo mara moja kwa wiki unafaa; siku nyingine ni kalsiamu tupu.

Dhana: macho yakivimba, achomwe vitamini A

Ushauri huu ulitoka kwa kasa wa maji baridi wanaolishwa nyama. Kobe wa nchi kavu hutengeneza vitamini A kutokana na beta-karotini ya majani, na ni nadra apungukiwe. Sindano ikizidi kipimo, wiki chache baadaye ngozi huanza kumenyuka shingoni na miguuni, ikaacha nyama wazi. Macho yaliyovimba mara nyingi ni maambukizi, vumbi au ukavu. Kuhusu vitamini C, figo za kobe huitengeneza. Chungwa halimsaidii na sukari yake humharibia tumbo.

Dhana: nundu za gamba ni upungufu wa kalsiamu

Upungufu huchangia. Lakini utafiti wa Wiesner na Iben uliochapishwa mwaka 2003, kwa watoto wa kobe wa aina ya sulcata, ulionyesha kwamba hewa kavu ndiyo iliyochangia zaidi, na protini ilichangia kidogo tu. Mtoto wa kobe aogeshwe kila siku dakika 15 hadi 20 katika maji vuguvugu yasiyopita kidevu, na alale mahali penye majani yenye unyevu.

Dhana: mkojo mweupe ni kalsiamu iliyozidi

Ule weupe ni chumvi za asidi ya yuriki. Ukiwa laini kama uji ni kawaida. Ukiwa na chenga kama mchanga, kobe hana maji ya kutosha, na hapo ndipo mawe ya kibofu huanza. Dawa ni maji.

Kiasi na mara ngapi

Kwa kobe wa kilo 1 anayeishi nje: kalsiamu tupu ya ncha za vidole viwili juu ya majani mabichi yenye unyevu, mara 2 kwa wiki. Mtoto anayekua apewe vumbi kidogo tu, siku 4 au 5 kwa wiki. Jike anayekaribia kutaga apewe kila siku nyingine, kwa kuwa maganda ya mayai yake hutoka kwenye mifupa yake. Kalsiamu tupu nayo ikizidi hufunga choo na kuzuia zinki na chuma, kwa hiyo majani yasigeuke meupe.

Gamba la mtoto wa miezi michache hubonyea kidogo, usiogope. La mkubwa likibonyea, unga hautoshi tena: anahitaji picha ya eksirei na kalsiamu iliyopimwa na daktari wa mifugo kulingana na uzito wake. Umpeleke ndani ya boksi lenye nyasi nyingi, ukimbeba kwa mikono miwili chini ya gamba bila kumvuta mguu, maana mifupa yake kwa wakati huo huvunjika kirahisi.