Fomula za R: alama za hesabu zisizofanya hesabu

Mtu akikutana na `mavuno ~ mbolea + mvua` kwenye R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu, hudhani ni hesabu za shule. Sivyo. Huo ni mwandiko wa kueleza modeli, yaani kitu gani kinaelezwa na vitu gani. Wilkinson na Rogers waliueleza katika makala ya 1973, ukatumika kwenye Genstat, programu iliyotengenezwa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo huko Uingereza. Baadaye ukaingia kwenye lugha ya S, na R ikaurithi. Alama zake ni zile zile tulizozizoea tangu darasa la kwanza, na hapo ndipo watu wanaponaswa.

Dhana: `+` inajumlisha mbolea na mvua.
Ukweli: inaorodhesha tu. Soma `~` kama "inaelezwa na", kisha `+` kama "pamoja na". Kila kigeu (safu ya data, kama mvua) kinapata mgawo wake, yaani namba inayoonyesha athari yake. Ukitaka jumla halisi iwe kigeu kimoja, andika `I(mbolea + mvua)`.

Dhana: `x^2` ni x kipeo cha pili.
Hili ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu R hainung'uniki. Chukua data ya `cars` inayokuja na R yenyewe: vipimo 50 vya magari ya miaka ya 1920, mwendo wake na umbali yaliotumia kusimama. Endesha `lm(dist ~ speed, data = cars)`, amri ya modeli ya mstari ulionyooka, utapata mgawo wa 3.932. Endesha `lm(dist ~ speed^2, data = cars)`, utapata 3.932 ile ile. Hakuna onyo, hakuna kilichobadilika. Ndani ya fomula, `^2` inaomba vigeu pamoja na miingiliano yao ya wawili wawili (athari ya kimoja kutegemea kingine): `(a + b + c)^2` inazaa a, b, c, a:b, a:c na b:c. Kigeu kikiwa peke yake hakina wa kuingiliana naye, kwa hiyo kinabaki kilivyo. Mkunjo unaoutaka unapatikana kwa `dist ~ speed + I(speed^2)`, au `poly(speed, 2)`.

Dhana: `*` ni kuzidisha, `/` ni kugawanya.
`a*b` ni kifupi cha `a + b + a:b`. Mwingiliano peke yake ni `a:b`. Nayo `a/b` ni `a + a:b`, yaani b iliyo ndani ya a, kama madarasa ndani ya shule.

Dhana: `- 1` inapunguza moja, na R-mraba (sehemu ya mtawanyiko inayoelezwa na modeli) ikipanda modeli imeboreka.
R huongeza intasepti (thamani ya mstari pale vigeu vyote ni sifuri) bila kuambiwa. `- 1` au `0 +` huiondoa. Kwa `cars`, R-mraba inaruka kutoka 0.651 hadi 0.896. Inapendeza machoni, lakini modeli haijaboreka hata kidogo. Bila intasepti, R hupima mtawanyiko kuanzia sifuri badala ya wastani, kwa hiyo namba hizo mbili hazilinganishiki.

Dhana: basi hesabu za kawaida hazipo kabisa kwenye fomula.
Zipo. Kushoto mwa `~`, `y1 + y2` inajumlisha kweli. Ndani ya mabano ya fanksheni kama `log(a + b)`, vilevile.

Dhana: R inajua kuwa 1, 2 na 3 ni majina ya mikoa.
Haijui. Namba kwake ni namba. Kwenye `mtcars`, data nyingine ya magari inayokuja na R, silinda (`cyl`) zimeandikwa 4, 6 na 8, na `mpg` ni maili kwa galoni. Fomula `mpg ~ cyl` inachora mstari mmoja ulionyooka, ilhali `mpg ~ factor(cyl)` inatoa migawo miwili, ya 6 na ya 8, kila mmoja ukilinganishwa na 4.

Ukiwa na shaka kuhusu fomula yoyote, usikisie. Andika `model.matrix(~ speed^2, data = cars)` na usome vichwa vya safu: utaona intasepti na `speed`, basi.