"Nipe kitu kikali": tunayokosea kuhusu dawa na seli

Katika duka la dawa ninakofanya kazi, mtaani Umoja, Nairobi, ombi ninalolisikia kuliko yote halina hata jina la dawa. "Daktari, nipe kitu kikali." Anayeomba ana homa ya siku mbili, pua imeziba, na kesho alfajiri anatakiwa kazini. Namwelewa. Lakini neno hilo, kali, ndilo limezaa dhana nyingi potofu ninazokutana nazo. Dawa nyingi tunazouza hufanya kazi kwa kushika hatua moja tu katika ujenzi unaoendelea ndani ya seli. Hatua hiyo isipokuwepo, hata umeze kopo zima hutapona.

"Antibiotiki ni dawa kali ya homa"

Amoksilini ni antibiotiki, yaani dawa ya bakteria, ya ukoo wa penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928. Wengi hudhani inawaua wadudu kama dawa ya mende. Bakteria huishi ndani ya ukuta, na kadiri anavyokua ndivyo ukuta huo unavyoendelea kujengwa. Fikiria ghorofa linalopanda kule mtaa wa Pipeline: mawe ni minyororo ya sukari, na simiti inayoyashikanisha ni vipande vifupi vya amino asidi. Fundi ni kimeng'enya, protini inayofanya kazi za kikemikali ndani ya seli. Penisilini ina umbo linalofanana na ncha ya kile kipande cha kushikanisha. Fundi akiichukua, inamganda mkononi na hawezi tena kujenga. Bakteria anaendelea kukua, maji yanamwingia kwa presha, ukuta dhaifu unapasuka.

Seli zetu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo sababu penisilini hupita bila kuzidhuru (mwenye mzio ni habari nyingine, na lazima aseme mapema). Virusi vya homa navyo havina ukuta huo. Havina hata vifaa vya kutengenezea protini. Huingia kwenye seli zetu na kutumia vyetu. Kwa hiyo ukimeza amoksilini kwa ajili ya mafua, hakuna fundi wa kushikwa. Watakaoumia ni bakteria wa tumboni wasio na kosa, na wengine huishia kuhara.

"Mwili wangu umeshaizoea hiyo dawa"

Hili huniuma zaidi, kwa sababu humfanya mtu aone usugu wa dawa kuwa jambo lake binafsi. Mwili wako haujazoea kitu. Aliyebadilika ni bakteria. Wapo wanaotengeneza kimeng'enya cha kuikata penisilini kabla haijamfikia fundi, na wapo ambao fundi wao amebadilika umbo, dawa ikakosa pa kushika. Kuna vidonge vinavyochanganya amoksilini na asidi ya klavulani, na wateja huviita amoksilini kali. Klavulani yenyewe huua bakteria kidogo sana. Kazi yake ni kukinasa kile kimeng'enya kinachokata, amoksilini ipate njia.

Na bakteria sugu hawakai kwa aliyewalea. Mtoto ambaye hajawahi kumeza antibiotiki hata moja anaweza kuwapata kwa jirani. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, mwaka 1945, Fleming alionya kuwa huenda siku ikafika penisilini ikanunuliwa na yeyote dukani, na asiyejua akatumia dozi ndogo inayowafanya vijidudu kuwa sugu. Kila mtu anaponiambia "nipe za shilingi mia moja tu," nayakumbuka maneno hayo. Nikikataa, anavuka barabara. Bado nakataa.

"Septrin ni ya wenye HIV pekee"

Nimewahi kuona mama akirudisha pakiti juu ya kaunta kwa kuogopa atakavyoonekana na majirani. Ni kweli wanaoishi na HIV hupewa Septrin ili kuwakinga na nimonia na maambukizi mengine. Lakini dawa haimjui mtu kwa hali yake. Ndani ya kidonge kile mna dawa mbili zinazoziba hatua mbili za njia moja: ile ya kutengeneza foleti, ambayo kila seli huihitaji ili iunde DNA. Bakteria wengi hawawezi kuichukua kutoka nje, wanajitengenezea. Sisi hatuwezi kabisa kuitengeneza. Tunaila kwenye sukuma wiki, terere na maharagwe. Hatua ya kwanza inayozibwa haipo mwilini mwetu. Ya pili ipo, ila dawa hukishika kimeng'enya cha bakteria kwa nguvu maelfu ya mara kuliko chetu.

Njia hiyohiyo ndiyo inayozibwa na SP (sulfadoksini na pirimethamini), ambayo wengi waliizoea kwa jina la Fansidar, katika vimelea vya malaria. Wajawazito wa Pwani na wa kando ya Ziwa Victoria bado hupewa SP kliniki. Hapa ndipo ile imani kwamba vitamini haiwezi kuharibu kitu inapoanguka: asidi ya foliki, yaani foleti ya vidonge, ya miligramu 5 kwa siku inaweza kudhoofisha SP, lakini kipimo kidogo cha miligramu 0.4 hakina tatizo hilo. Dada anayetoka Nairobi kwenda kujifungulia kwao Siaya aonyeshe kliniki vidonge vyote anavyotumia.

"ARV zinaua virusi"

ARV, yaani dawa za HIV, huzuia virusi visijengwe. Lamivudini hufanana na tofali la DNA lakini haina ndoano ya kushikia tofali linalofuata, hivyo virusi vikiitumia, mnyororo unakatikia hapo. Tenofoviri hufanya vivyo hivyo. Dolutegraviri huzuia DNA ya virusi isipachikwe ndani ya yetu. Ile iliyokwisha kupachikwa hubaki kimya ndani ya seli, na dawa zikiachwa, ujenzi unaanza upya.

"Kikohozi kimekwisha, TB imeisha"

Isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, huzuia utengenezaji wa mafuta mazito kama nta yanayofunika ukuta wa bakteria wa TB. Inamshika anayejenga. Lakini wapo waliolala, ambao karibu hawajengi chochote, na hao ndio humrudia mgonjwa. Rifampisini, ambayo huzuia jeni zisinakiliwe kuwa RNA, nakala ambayo seli huitumia kujengea protini, huwawahi wanapozinduka kidogo. Zamani matibabu yalichukua miezi 18. Tafiti zilizofanywa Afrika Mashariki miaka ya 1970, Kenya ikiwemo, pamoja na wanasayansi wa Uingereza, zilisaidia kuonyesha kwamba kwa rifampisini miezi 6 inatosha. Anayelalamika kuwa ni mirefu ajue tayari imefupishwa. Na ule mkojo wa rangi ya machungwa si damu. Ni rangi ya rifampisini yenyewe.

"Kolesteroli ni nyama choma"

Mzee mmoja aliniambia ameacha kwenda kula nyama Kenyatta Market mwaka mzima na vipimo havijashuka alivyotarajia. Chakula kina mchango wake, lakini sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwa kiwanda kikuu, na kila seli inaihitaji kwa utando wake. Mwaka 1973, Akira Endo wa Japani, baada ya kupima maelfu ya kuvu, alipata katika mmoja wao, wa ukoo uleule uliotupa penisilini, kitu kinachoziba hatua muhimu ya ujenzi huo. Statini, dawa za kushusha kolesteroli, zilianzia hapo. Ini likiona upungufu, huanza kuvuta kolesteroli zaidi kutoka kwenye damu. Na simvastatini, mojawapo ya statini, huandikwa imezwe jioni, kwa kuwa mwili hujenga kolesteroli nyingi zaidi usiku, tukiwa tumelala.