Kabla ya Kupiga Windows Upya, Uliza Inachelewa Wapi

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine nyingi zinazofika mezani kwangu huja na lalamiko moja: "Fundi, nimepandisha Windows 11, sasa nikiwasha naweza kwenda kuoga nikarudi haijawa tayari." Mafundi wengi hapa Dar wana jibu moja, tena liko mdomoni: tuipige Windows upya, yaani tuifute na kuiweka tena. Mteja anaacha mashine asubuhi, jioni anaichukua ikiwa nyepesi, analipa na kushukuru. Wiki kadhaa zikipita ugonjwa unarudi, na safari hii picha za harusi hazipo, wala ile programu ya hesabu za duka.

Mimi kwanza nauliza: inachelewa wapi? Kuwaka kwa kompyuta kuna vipande vitatu, na kila kimoja kina wagonjwa wake. Cha kwanza ni tangu ubonyeze kitufe mpaka vidoti vya duara vianze kuzunguka. Hapo Windows haijaanza kazi, kinachoshughulika ni BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye bodi ya kompyuta. Cha pili ni kutoka kwenye vidoti mpaka sehemu ya kuandika nenosiri. Cha tatu ni kutoka nenosiri mpaka uweze kufungua faili bila mshale kuganda. Chukua simu, fungua saa ya kupima, andika muda wa kila kipande. Ukija kwa fundi na namba hizo tatu umeshamwokolea nusu ya kazi, na umejiokolea fedha.

Ila usipime siku ile ile uliyopandisha. Toleo jipya likishaingia, Windows bado ina viporo: inajenga upya faharasa ya kutafutia mafaili, Defender, kinga yake ya virusi, inakagua vitu ambavyo haijawahi kuviona, programu za duka lake zinajisasisha, na vipande vya .NET, ambavyo programu nyingi huvitegemea, vinatayarishwa chinichini. Utaratibu wake wa kuyapanga mapema mafaili ya kuwashia nao hujifunza kutokana na kuwashwa kwa awali, kwa hiyo baada ya kupandishwa unaanza karibu upya. Iache mashine kwenye umeme na intaneti usiku mmoja, kesho yake iwashe upya mara chache, ndipo upime. Folda ya Windows.old itakayokula nafasi yako isikutie hofu, hujifuta yenyewe baada ya siku 10. Ukiifuta mapema, umefunga njia ya kurudi toleo la zamani.

Kuna jambo hapo linalowapata sana watu wa hapa mjini. Wengi tunatumia intaneti ya simu, na ili bando lisiyeyuke tunaiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Ni busara, lakini ukiiambia hivyo, kwa kawaida haitashusha draiva, yaani programu za kuendeshea vifaa, kupitia mtandao huo. Mashine imepandishwa, draiva ya kioo imebaki ile ya dharura ya Microsoft, na mwenye mashine anasema Windows 11 ni nzito. Fungua Device Manager, nenda sehemu ya Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, umepata kazi ya kwanza. Tafuta Wi-Fi ya kuaminika, shusha draiva kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mpigo, achana nazo. Nyingi ninazozitoa kwenye mashine za watu ndizo zilizokuwa zikichelewesha kipande cha tatu.

Jaribio la pili halihitaji hata saa. Chagua Restart, angalia inavyowaka. Kisha chagua Shut down, subiri, bonyeza kitufe cha kuwashia. Watu hudhani ni kitu kimoja. Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup: ukizima kwa Shut down, moyo wa mfumo pamoja na draiva huhifadhiwa kwenye faili la hiberfil.sys, na ukiwasha hurudishwa kama vilivyokuwa. Restart haipiti huko, yenyewe inaanza kila kitu upya. Ndiyo maana mzee anaweza kukuapia kwamba anazima kompyuta kila jioni, ukafungua Task Manager sehemu ya CPU (kichakataji) ukaona saa ya uhai wake inahesabu wiki nzima. Wote wawili wanasema kweli.

Basi, Restart ikiwa haraka kuliko kuzima na kuwasha, mshtakiwa ni faili hilo au draiva isiyopenda kuamshwa kutoka humo. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika powercfg /h off, washa upya, halafu powercfg /h on. Faili hufutwa na kuundwa jingine. Ugonjwa ukirudi, zima Fast Startup moja kwa moja. Kwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hutapoteza muda wa maana. Ukitaka kuzima kabisa mara moja tu bila kubadilisha chochote, shikilia Shift unapobonyeza Shut down.

Sasa tuje kwenye diski, maana hapa ndipo penye wagonjwa wengi. Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa mitumba bado zina diski ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika. Hesabu ni rahisi: mzunguko mmoja ni takriban milisekunde 11, na kichwa cha kusomea nacho kinahitaji muda wa kuhama kutoka mstari hadi mstari. Mafaili yakiwa yametawanyika, diski kama hiyo huhudumia maombi yasiyofika hata mia kwa sekunde. SSD ya kawaida huhudumia maelfu kwa maelfu. Windows ikiwaka inaomba mafaili madogo madogo mengi kwa wakati mmoja, na kwenye diski ya kuzunguka hali inakuwa kama abiria wote wa Gongo la Mboto kugombea mlango mmoja wa daladala saa kumi na mbili jioni. Windows 10 ilikuwa na maombi mengi. Windows 11 ina mengi zaidi, na orodha rasmi ya mahitaji yake inataka nafasi ya GB 64 na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, haikulazimishi kuwa na SSD. Mtu anasoma orodha, anaona mashine yake imefaulu, anapandisha.

Fungua Task Manager mara tu baada ya kuingia, utazame safu ya Disk. Ikikaa kwenye asilimia 100 kwa dakika nyingi ilhali CPU imetulia, hakuna usafi wa rejista wala "programu ya kuongeza kasi" itakayokusaidia. Weka SSD. Kwa mashine yenye RAM ya GB 8, sijui fedha nyingine unayoweza kuitumia ikakupa tofauti kubwa kama hiyo. Ila nunua mahali utakaporudishiwa, na SSD inayodai ukubwa wa ajabu kwa bei ya chipsi kuku ipime kabla ya kuhamishia data. Zipo zinazodanganya ukubwa wake.

Kabla ya kunakili diski ya zamani, soma afya yake. Programu ya CrystalDiskInfo ni ya bure na inatosha. Tazama mistari mitatu: 05, sehemu zilizoharibika zikabadilishwa, C5, sehemu zinazosubiri hukumu, na C7, makosa ya mawasiliano ya kebo. C5 ikiwa na chochote zaidi ya sifuri, acha utambuzi wote, nakili data kwanza. Diski inayokufa huchelewesha kuwaka kwa namna ya kipekee, kwa sababu inajaribu kusoma sehemu ile ile tena na tena na mfumo mzima unasubiri. Upandishaji wa toleo, unaoandika gigabaiti nyingi kwa mkupuo, mara nyingi ndio unaoifumania diski iliyokuwa mgonjwa kimyakimya. Ukipiga Windows upya juu ya diski kama hiyo umempaka marehemu rangi ya mdomo. C7 ikipanda huku mingine ikiwa safi, badilisha kebo kabla ya kumlaumu mtu.

Umeme nao una sehemu yake. Mpakato ambao betri yake imekufa na unaishi kwenye chaja, umeme ukikatika unazimika palepale, pengine katikati ya masasisho. Hapo tumia amri za Command Prompt: chkdsk ya kukagua diski kwanza, kisha sfc /scannow ya kukagua mafaili ya Windows, kisha DISM ya kurekebisha mfumo. DISM huvuta mafaili kutoka intaneti, kwa hiyo angalia bando lako kabla ya kuiruhusu.

Kipande cha kwanza, cha BIOS, hakina mengi. Kwenye Task Manager, sehemu ya programu za kuanzia, juu kulia kuna namba iitwayo Last BIOS time. Ikikaribia nusu dakika, chomoa flashi, diski za nje na modemu, uwashe tena. Angalia mpangilio wa kuwashia: pengine mashine inatafuta mtandao wa kuwakia kabla ya kugusa diski yako. Na ikiwa tarehe inarudi nyuma miaka kila ukiitoa kwenye umeme, betri ndogo ya bodi imekwisha. Kwenye kompyuta za mezani huwa ni CR2032, unainunua popote.

Hapa nitoe onyo. Usiguse mipangilio ya BIOS kabla ya kujua kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data. Ikiwa imefungwa, mabadiliko fulani huifanya idai ufunguo wa tarakimu 48, na ufunguo huo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzishia mashine. Hapa Dar akaunti hiyo mara nyingi ilifunguliwa na kijana wa dukani kwa barua pepe yake mwenyewe ili mteja asisubiri. Dada, kaka, leo hii fungua Settings utazame akaunti ni ya nani. Ikiwa si yako, anza na hilo, kasi itasubiri.

Maofisini kuna ugonjwa wangu pendwa, kwa sababu unawapotosha wengi. Mtu anaandika nenosiri, kioo kinakaa kimya dakika nzima, kisha kila kitu kinakimbia. Diski ni SSD mpya, RAM tele. Tazama mafolda ya mtandao: kuna herufi Z inayoelekea kwenye kihifadhi cha zamani cha mafaili ya ofisi kilichowekwa juu ya kabati, ambacho kila mtu aliingia bila nenosiri. Toleo la 24H2 la Windows 11 Pro linataka mawasiliano ya aina hiyo yawe na saini ya kidijitali, na haliruhusu tena kuingia kama mgeni asiyejulikana. Kabla ya kupandishwa Windows ilikubali, sasa inagonga mlango, inasubiri, inakata tamaa. Wapo wanaokwenda kuzima ulinzi huo ili mambo yaendelee. Mimi sikubali, hasa ofisi yenye hesabu za watu. Fungua watumiaji wenye majina na nenosiri kwenye kihifadhi hicho, sasisha programu yake ikiwezekana, na herufi zinazoelekea kwenye mashine zisizokuwapo tena zifute.

Kwa programu za kuanzia sina maneno mengi: zima zile usizozihitaji asubuhi, acha ulinzi na draiva za sauti na padi ya kugusa. Kupandisha toleo huweza kuwasha tena zile ulizokuwa umezizima, kwa hiyo pitia orodha upya hata kama uliisafisha mwaka jana.

Ukibanwa kabisa, kuna kumbukumbu ambazo Windows huandika yenyewe na watu hawazisomi. Fungua Event Viewer, fuata Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, Operational. Tukio namba 100 ni muda wa kuwaka kwa milisekunde; MainPathBootTime ni mpaka meza ya kazi ionekane, BootPostBootTime ni muda wa kutulia baada ya hapo. Tukio 101 hutaja programu iliyochelewesha, 102 draiva, 103 huduma. Jina linaandikwa wazi kabisa. Ukilinganisha tukio 100 la kabla na la baada ya kurekebisha, hutabaki na hisia tu kwamba "imepona kidogo".

Wanaotumia Ubuntu, mfumo wa Linux badala ya Windows, wana raha zaidi: amri ya systemd-analyze blame hupanga wachelewaji kwa muda. Ukiona mfumo unahesabu mpaka dakika moja na nusu ukingojea kifaa fulani, fungua /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kuunganishwa. Kuna uwezekano kitambulisho cha kizigeu cha swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) kilibadilika na mstari wa zamani umebaki.

Na kupiga Windows upya? Nafanya, pale diski ni nzima, draiva ziko sawa, kumbukumbu hazimtaji mtu, na sfc na DISM zote zimeshindwa kurekebisha mafaili. Au pale mashine ilipandishwa kwa kuruka masharti ya TPM (chipu ya usalama), juu ya Windows iliyokwisha kupandishwa kutoka 7 kwenda 10. Mteja huleta diski ya nje ya kuhifadhia vitu vyake, leseni za programu zake, na nenosiri la akaunti yake, si la yule kijana. Tunakagua nakala pamoja, anafungua picha chache na faili la hesabu mwenyewe, ndipo nafuta.